Kumsoma Mtoto Kabla ya Kusoma Mwongozo

Chukua vijana wawili wa shule moja, waliofanya mtihani wa kidato cha sita Mei ileile. Julai matokeo yanatoka, na wote wawili wana daraja la tatu, pointi 15. Mmoja ana D, D na F. Mwenzake ana D, E na S. Baraza la Mitihani huhesabu A kuwa pointi 1 na F kuwa pointi 7, kwa hiyo mwenye pointi chache ndiye aliyefanya vizuri, na kwa hesabu hiyo vijana hawa wamelingana. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, huhesabu kinyume: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, S ni nusu. Anayetaka kusoma shahada anatakiwa awe na angalau pointi 4.0 katika masomo mawili aliyopata kati ya A na E. Yule mwenye F anazo. Yule ambaye hakufeli somo hata moja ana pointi 3, na hawezi kuomba shahada mwaka huo.

Nimemwona mwalimu mmoja wa Songea akimweleza kijana jambo hili. Hakuanza na pole. Alichukua kalamu, akaandika alama tatu za yule kijana kwenye daftari, akampa kalamu yeye mwenyewe ajumlishe kwa hesabu ya kwanza, kisha kwa hesabu ya pili. Kijana alipofika kwenye 3 alinyamaza. Mwalimu naye alinyamaza, akamwacha mpaka alipouliza mwenyewe, "Sasa Mwalimu, nafanyaje?" Hapo ndipo alipofungua ukurasa mpya. Kwa D, E na S kijana anaweza kusoma stashahada, na akiimaliza na wastani wa 3.0 anaweza kuomba shahada kama mwingine yeyote. Chuo Kikuu Huria nacho kina programu ya msingi kwa ajili ya watu kama yeye. Alizieleza njia hizo kwa sauti ileile ambayo angeitumia kumweleza aliyepata daraja la kwanza, na kijana akaanza kuuliza maswali ya maana: stashahada ya nini, wapi, kwa ada gani.

Mwalimu huyu alifundisha jiografia hadi alipostaafu. Hana ofisi wala kibao. Hukaa barazani kwake, na siku za msongamano hukaa nyuma ya duka la steshenari la kijana aliyewahi kumfundisha. Ukienda kwake na matokeo mkononi hafungui kompyuta. Anakuuliza kama umekula. Kisha anakuuliza mambo ambayo hayamo katika fomu yoyote. Somo gani ulilisoma hata pale ambapo hakukuwa na jaribio? Nyumbani, kazi gani ukipewa hulalamiki? Nani hukulipia nauli? Umewahi kukaa mji ambao huna ndugu? Majibu anayaandika kwenye kaunta buku, kila mtoto na ukurasa wake, na juu kabisa anaandika majina matatu kama yalivyo kwenye cheti cha kuzaliwa, herufi kwa herufi.

Nimekuwa nikiifuatilia kazi yake kwa miaka kadhaa, na nimeona kwamba watu wengi wanaomsifu wanamsifu kwa jambo dogo. Wanasema anajua vyuo. Kweli anavijua, lakini kujua vyuo ni suala la kusoma. Ninachokistahi mimi ni kwamba katika kazi yote hii ndefu, yenye wasiwasi wa wazazi na haraka ya tarehe za mwisho, hajaruhusu matakwa yake yeye yaingie kwenye fomu ya mtoto wa mtu. Anatia kila kitu alichonacho, halafu anajiondoa. Kwa mtu mwenye uzoefu wake hilo ni gumu kuliko kukariri mwongozo, kwa sababu mara nyingi anaona jibu mapema kuliko mtoto.

Mfumo wenyewe wa maombi umebadilika machoni pake. Alipoanza kuwasaidia wanafunzi, kila chuo kilikuwa na fomu zake. Mwaka 2010 TCU ikaanzisha udahili wa pamoja, mwombaji akawa anapanga machaguo yake mahali pamoja. Mwaka 2017 utaratibu huo ukaondolewa, na tangu hapo mwombaji anaomba moja kwa moja kwenye kila chuo kupitia mtandao wa chuo hicho. Wenzetu wa Kenya wamebaki na mfumo wa pamoja, KUCCPS, uliorithi kazi ya bodi ya zamani ya JAB. Kila njia ina wanaoitetea. Kwa mtoto wa kijijini, kuomba chuo kimojakimoja kuna gharama, kwa kuwa kila chuo kina ada yake ya maombi, lakini kuna faida moja ambayo Mwalimu huitumia vizuri sana: unaweza kuweka chaguo la kwanza tofauti katika kila chuo.

Mwongozo wa TCU, unaotolewa kila mwaka, ni jedwali refu la kozi, sifa, miaka ya masomo na idadi ya nafasi. Waombaji wengi husoma safu ya sifa na kuishia hapo. Wakijiona wanazo, wanaandika. Mwalimu huwapeleka kidole mpaka kwenye safu ya nafasi. Hapo mtoto anaona kwamba kozi anayoitamani, yenye sifa ambazo yeye na maelfu ya wenzake wanazo, ina viti vichache sana. Kuwa na sifa kunakupa haki ya kupanga foleni tu. Tena anawaonyesha kozi ambazo hawakuwahi kuzisikia: sayansi ya udongo, lishe, afya ya mazingira, upimaji ardhi pale Chuo Kikuu Ardhi, takwimu katika chuo cha EASTC, uhandisi wa rasilimali za maji katika Chuo cha Maji, mambo ya bandari na meli. Mwanafunzi wa PCM (fizikia, kemia na hisabati) aliyekuja akiwa na neno moja tu kichwani, "injinia", anaondoka na orodha ya kazi ambazo watu wazima wanazifanya kila siku mbele ya macho yake bila yeye kujua kwamba zinasomewa.

Kuna siku alikuja binti wa PCB (fizikia, kemia na baiolojia) na baba yake, mkulima wa kahawa kutoka Mbinga. Binti alikuwa na C, C na D. Baba alitaka udaktari. Alisema hivyo kabla hajakaa vizuri, na akasema tena alipokwisha kukaa. Kwa karatasi, binti alikuwa na sifa za kuomba. Mtu mwingine angemwambia baba palepale kwamba ushindani ni mkali, na baba angeondoka ameumia na msimamo wake ukiwa umekazwa zaidi. Mwalimu alimuuliza habari za kahawa. Walizungumza bei, mvua, chama cha ushirika, mpaka baba akalegea kwenye kiti. Ndipo akamgeukia binti na kumuuliza, hospitalini umewahi kuona nini? Binti akasema alimuuguza bibi yake. Ulipenda nini pale? Akafikiri, akasema hakupenda kitu. Na nyumbani unafanya kazi gani? Hapo binti akaanza kuzungumza. Walikuwa na nguruwe, mwaka mmoja wakafa karibu wote kwa homa, na yeye akaanza kutafuta habari za ugonjwa ule, akawa anaandika kwenye daftari yupi ameanza kuumwa lini, yupi alilala banda gani.

"Baba," Mwalimu akauliza kwa upole, "wale nguruwe walipoanza kufa, mlimwita nani?"

Baba akaeleza jinsi walivyomsubiri mtaalamu wa mifugo, na jinsi alivyochelewa. Mwalimu akasikiliza mpaka mwisho. Hakusema kwamba Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, wanafundisha udaktari wa mifugo, wala kwamba nao ni wa miaka mitano kama wa binadamu. Aliwapa mwongozo waende nao nyumbani, akawaambia warudi kabla ya dirisha la maombi kufungwa. Waliporudi, baba ndiye aliyeuliza Morogoro nauli ni kiasi gani. Binti aliomba udaktari wa binadamu kwenye vyuo viwili, na Sokoine akaweka udaktari wa mifugo juu kabisa. Niliyapenda sana maombi yale. Heshima ya baba ilikuwamo, na binti alikuwamo.

Katika kupanga machaguo ndani ya chuo kimoja ana sheria moja asiyoilegeza: usiandike kozi ambayo ukiitwa utalia. Watoto hujaza nafasi za chini kwa chochote kilichopo, wakidhani ni mapambo ya fomu. Mwalimu huwasomesha chaguo la mwisho kwa sauti, kisha huwauliza asubuhi ya Jumatatu watakuwa wanafanya nini katika kozi ile. Asiyeweza kujibu anatumwa akatafute mtu anayeifanya kazi hiyo, hapo hapo mjini, akaongee naye. Nimeona vijana wakirudi kutoka kwa mpima ardhi wa manispaa wamebadilika kabisa, mmoja kwa kuipenda kazi, mwingine kwa kuikataa. Wote wawili kwake wamefanya kazi nzuri.

Mkopo ni habari nyingine, na hapa ndipo ninapoona ufundi wake ukifika kilele. Udahili ni wa vyuo. Mkopo ni wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, taasisi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi Julai 2005. Fomu yake hujazwa mtandaoni, huchapishwa, husainiwa na mwombaji na mdhamini wake, hupelekwa kwa mtendaji au mwenyekiti wa kijiji au mtaa, kisha kwa wakili au hakimu, halafu hupandishwa tena mtandaoni. Cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe na wakala wa usajili, RITA, na kwa Wazanzibari na wakala wao wa usajili. Kila saini ni safari. Mwenyekiti yuko shambani, wakili yuko mahakamani, mdhamini yuko Tunduru. Mwalimu huchora mzunguko huo kwenye karatasi kwa mpangilio wa barabara, ili mtoto asipande gari mara mbili kwa jambo la mara moja. Tena hawaruhusu wasubiri matokeo. Uhakiki wa RITA anataka ufanywe mapema, kwa sababu anajua Julai kila mtu atakumbuka cheti chake siku moja.

Kisha kuna majina. Kwenye cheti cha kuzaliwa jina la babu lipo, kwenye cheti cha kidato cha nne limeachwa. Mahali pengine herufi moja imegeuka. Mtu mzima anaweza kuliona ni jambo dogo, mfumo haulioni dogo. Kaunta buku ya Mwalimu, yenye majina yaliyonakiliwa herufi kwa herufi, ndipo inapofanya kazi yake: hitilafu inaonekana mapema, wakati bado kuna nafasi ya kwenda kuapa kiapo. Vilevile anawakaririsha namba ya mtihani ya kidato cha nne. Wengi wamekwisha kuisahau, kwa kuwa vichwa vyao vimejaa namba ya kidato cha sita, lakini ya kidato cha nne ndiyo itakayowafuata kila mahali.

Habari za uyatima Mwalimu haziulizi mbele ya watu. Fomu ya mkopo inataka cheti cha kifo cha mzazi, kilichohakikiwa, kwa sababu uyatima ni miongoni mwa mambo yanayoangaliwa katika kupima uhitaji. Kwenye baadhi ya meza za steshenari nimesikia swali hilo likiulizwa kwa sauti ya kuita abiria: baba yupo au hayupo? Mwalimu humpa kila mtoto karatasi yenye orodha ya vyeti vinavyohitajika kwa hali mbalimbali, akamwambia aweke alama penye hali yake na amrudishie akiwa ameikunja. Halafu anafanya jambo ambalo hakuna mwongozo unaolitaja. Kama cheti kile hakipo, au kipo kwa baba mdogo ambaye hawaongei naye tangu msiba na ugomvi wa shamba, Mwalimu anafunga kitenge na kwenda mwenyewe. Hamwendei baba mdogo kama mdai. Anampa heshima ya mzee wa ukoo, anamwambia mtoto wenu amefaulu, ukoo mzima umefaulu, na sasa serikali inataka karatasi ambayo kwa busara yako uliihifadhi. Nimeambiwa na zaidi ya familia moja kwamba cheti kilitoka siku hiyohiyo. Ilihitaji mtu aliyejua kwamba katika maombi ya chuo ya mtoto huyu, kikwazo hakikuwa kwenye kompyuta.

Wanaofanya vizuri sana katika masomo ya sayansi anawakumbusha habari za ufadhili wa Samia Skolashipu, iliyoanza mwaka wa masomo 2022/2023. Anawakumbusha pia kwamba mkopo ni deni. Anawafanyia hesabu: ukiajiriwa, asilimia 15 ya mshahara wa msingi itakatwa kila mwezi. Hasemi ili kuwatisha. Anataka waweke saini wakijua wanachosaini, na kwa mtoto wa miaka kumi na tisa huo pengine ndio mkataba wake wa kwanza.

Tangu mwaka 2013 wahitimu wa kidato cha sita huitwa tena Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, kwa mujibu wa sheria, na mafunzo hayo huangukia karibu kabisa na msimu wa matokeo na maombi. Mtoto wa Songea anaweza kuwa Mlale, jirani, au akapelekwa Bulombora, Kigoma. Kwa hiyo kabla hawajaondoka, kila mmoja anaacha bahasha yenye nakala za vyeti, na anamchagua ndugu mmoja mwenye simu inayopatikana. Nywila na barua pepe ni za mtoto, kwa jina la mtoto. Katika hilo ni mkali. Kuna vibanda ambako mhudumu husajili kijiji kizima kwa namba yake mwenyewe. Aliyechaguliwa na chuo zaidi ya kimoja anatakiwa kuthibitisha chuo kimoja kwa namba ya siri inayotumwa kwa ujumbe, na ujumbe unaingia kwenye simu ya mhudumu ambaye ameshahama mji. Mwalimu hakuishia kulaumu. Alikaa na yule kijana wa steshenari, wakakubaliana: mwombaji ndiye anayeshika kipanya, mhudumu anaelekeza kwa mdomo. Inachukua muda mrefu zaidi, na foleni inanung'unika. Lakini nimewaona watoto ambao hawakuwahi kugusa kompyuta wakibonyeza kitufe cha kutuma kwa kidole chao, na mwezi uliofuata wakaingia wenyewe kuangalia majibu, wakaomba awamu ya pili wenyewe, wakaandika rufaa ya mkopo wenyewe.

Wachache huja wakitaka kuomba nje, hasa Marekani, ambako chuo hutaka pia insha ya mtu kujieleza. Huko kuna uzoefu mkubwa upande wa Kenya. Mradi wa KenSAP, ulioanzishwa mwaka 2004 na Mike Boit, mshindi wa medali ya shaba ya mita 800 katika Olimpiki ya Munich mwaka 1972, pamoja na mwandishi John Manners, umewaandaa vijana wa Bonde la Ufa kwa maombi ya vyuo vikubwa vya Marekani, kambi yao ikiwa Iten. Songea haina kambi. Ina Mwalimu na rasimu. Watoto wetu wamelelewa wasijisifu, na insha ya kwanza huja imejaa wazazi, walimu na Mungu, mwenyewe hayumo hata kidogo. Mwalimu hambadilishii sentensi. Anaweka nukta kwa penseli mahali palipo na uhai, labda kwenye neno kuhusu kuchota maji alfajiri, akauliza: hapa ulikuwa unawaza nini? Mtoto anajibu, kwa Kiswahili, kwa dakika tano. "Basi nenda kaandike hayo." Rasimu ya nne au ya tano inakuwa na mtu ndani yake. Angeweza kuiandika yeye jioni moja, na vizuri. Nimemuuliza kwa nini hafanyi hivyo. Akasema akifanya hivyo chuo kitakuwa kimemwita yeye, na yeye hana mpango wa kusafiri.

Siku hizi anaitwa na shule kuzungumza na kidato cha tatu na cha nne, na nadhani hii ndiyo sehemu ya kazi yake itakayowafikia wengi. Mlango wa kozi hufungwa mapema, mtoto anapojaza machaguo ya tahasusi, yaani mchanganyiko wa masomo ya kidato cha tano na cha sita. Mwaka 2024 tahasusi ziliongezwa mpaka 65, wakati wazazi wengi bado wanazijua PCB, PCM, HGL na chache nyingine. Mwalimu haanzi na orodha. Anawapa kazi: kila mmoja achague mtu mzima ambaye kazi yake angependa kuifanya, amuulize alisoma tahasusi gani na angechagua gani leo, kisha arudi na jibu pamoja na nakala ya cheti cha kuzaliwa. Mara ya mwisho nilipokuwapo, mvulana mmoja alirudi amemhoji fundi wa minara ya simu, na akauliza darasani kama jiografia ingemsaidia mtu yule au la. Mwalimu, aliyefundisha jiografia maisha yake yote, alimwambia arudi kwa fundi akamuulize.